Kilima Nyuma ya Kidole Gumba

Nakuru,
9 Februari 2025

Baba,

Habari za huko juu? Mimi ni mzima, nakula, nalala, kwa hivyo Mama asiulize mara ya pili. Najua atasema ningepiga simu. Lakini simu huko haishiki mpaka mtu apande kanisani, na wewe ukishika simu unapiga kelele mpaka Olenguruone yote inajua nimepita nini na nimeanguka nini. Kwa hivyo nimempa Kabiru wa lori la maziwa barua hii. Akiichelewesha, mnyimeni chai.

Baba, wiki hii tumeanza mkono. Miguu tulimaliza muhula uliopita na sikusumbuka. Maiti tunayojifunzia udaktari imefunikwa uso, na miguu ni miguu tu. Lakini mkono ulinishtua. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri, nikajiuliza ni nani alizikata. Nilitoka nje kidogo, kisha nikarudi.

Madam Namalwa, mwalimu wetu, alifungua ngozi nyuma ya kiganja akatuonyesha msuli mdogo ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Jina lake la Kilatini ni refu kuliko wenyewe. Una vichwa viwili: kimoja kimejishikiza kwenye mfupa wa kidole gumba, kingine kwenye mfupa wa jirani yake, halafu vinaungana na kuishia ubavuni mwa kidole cha shahada. Kazi yake ni kukikaza kidole hicho ili kidole gumba kipate mahali pa kuegemea. Msuli huo ukikosekana, mtu hashiki ufunguo vizuri, hashiki kalamu, hafungi kifungo cha shati. Kitu kidogo hivyo, na sisi tunatembea nacho bila hata kukisalimu.

Jaribu hivi. Bana kidole gumba kwenye ubavu wa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama mtu anayezungusha ufunguo kwenye kufuli ngumu. Sasa tazama nyuma ya mkono, hapo katikati ya vidole hivyo viwili. Utaona kilima kimepanda. Ndio huo msuli. Darasa zima tulikuwa tunabana vidole na kuonyeshana. Cha Levis kilikuwa kidogo kama chunusi, tukamcheka sana. Mimi nikafikiria mkono wako, wewe uliyekamua ng'ombe tangu ujana. Chako lazima ni mlima mzima. Angalia uniambie.

Binti yako,
Jackie

---

Olenguruone,
16 Februari 2025

Kwa mama yangu Wangare,

Wengine wakuite Jackie wapendavyo. Jina ulilopewa siku ulipozaliwa ni la mama yangu, na mimi nitakuita mama mpaka unizike.

Barua ilifika siku hiyo hiyo, kwa hivyo Kabiru alikunywa chai yake kwa haki. Nilimsomea mama yako ile habari ya kucha, akasema nisisome tena watu wakiwa mezani.

Kilima nimekiona. Kiko sawa.

Huku shida yetu ni Bibi Chifu. Unajua ng'ombe huyu, tangu tumtoe kwa chifu akiwa ndama, hajawahi kunikosea heshima. Sasa ameanza kiburi. Nikikaa kukamua anatoa kidogo, halafu anafunga. Ndoo haifiki nusu. Juzi alinipiga teke nikaanguka chali na ndoo kifuani, na mama yako akacheka mpaka akashika mlango. Nimembadilishia majani, nimempa chumvi, nimemkanda kiwele kwa maji moto. Daktari wa mifugo alikuja akasema kiwele hakina ugonjwa wowote. Ng'ombe akimchukia mtu huficha maziwa, hilo tunalijua sote. Lakini mimi nimemkosea nini?

Usihangaike kuja Pasaka. Soma. Mambo ya ng'ombe ni kazi yangu.

Ni mimi baba yako,
Thuo

---

Nakuru,
2 Machi 2025

Baba,

Pole na Bibi Chifu. Nilimuuliza Mitchelle, huyu ninayekaa naye chumba kimoja hapa Kaptembwo, maana kwao wanafuga. Anasema ng'ombe akizeeka huwa hivyo, na mtu akimng'ang'ania anajichosha bure. Labda umefika wakati wa kumwachia mtu mwingine. Najua unampenda, lakini hata wewe unahitaji kupumzika.

Na mwandiko wako siku hizi una nini? Herufi zinalala kama zimetoka kulewa. Madaktari ndio huandika hivi, kwa hivyo nadhani ni wewe ungekuwa hapa darasani badala yangu.

Mitihani inakaribia. Niombeeni.

Jackie

---

Olenguruone,
30 Machi 2025

Mama,

Nimemuuza Bibi Chifu. Amechukuliwa na Chelagat, yule jirani wa ng'ambo ya mto ambaye bwana yake anafanya kazi Mai Mahiu. Wachinjaji walikuwa wamekuja kwanza, nikawafukuza.

Nilimpeleka mwenyewe. Alinifuata bila kuvutwa kamba, akidhani tunaenda mtoni kunywa maji. Chelagat alipofunga lango, aligeuka akaniangalia. Sikulia mbele ya mke wa watu, lakini nilirudi nyumbani kwa njia ya mbali. Maziwa ya ng'ombe huyu ndiyo yamekusomesha kutoka darasa la nne mpaka hapo ulipo, na mimi nimemtoa kwa sababu ya hasira. Naona uchungu, mama. Sitakuficha hilo.

Kalamu hii ni mbaya, ndiyo maana herufi zinalala. Nitanunua nyingine.

Soma, usifikirie huku.

Baba yako,
Thuo

---

Olenguruone,
27 Aprili 2025

Jackie mwanangu,

Baba yako hajui kwamba ninakuandikia. Alinikataza. Alisema nikikuambia utaacha mitihani ukimbie huku, na mimi nimenyamaza mpaka nimeshindwa.

Wiki iliyopita Chelagat alikuja hapa kuomba mbegu ya viazi. Akaniambia akicheka, "Mama Jackie, hii ng'ombe mlikuwa mnakamua aje? Ilikuja na vidonda kwa chuchu, ni kama mtu alikuwa anavuta. Sasa zimepona, na ndoo inajaa mpaka natafuta ingine." Hakujua baba yako amesimama nyuma ya mlango.

Asubuhi iliyofuata baba yako alienda kwa Chelagat akaomba akamue yeye. Nilimfuata. Alijaribu na jasho likamtoka, na Bibi Chifu akaanza kurusha mguu. Kisha Chelagat akakaa kwenye kile kigoda, na maziwa yakashuka yakilia kwenye ndoo kama zamani. Baba yako alirudi nyumbani, akapindua ndoo yetu tupu, akaikalia, akautazama mkono wake mpaka jua likawa kali.

Jackie, si ng'ombe. Ni mkono wa kulia. Vifungo vya shati ninamfungia mimi tangu Januari. Kufuli ya boma anaifungua kwa mikono miwili. Kanisani ameanza kusalimia watu kwa mkono wa kushoto, na wazee wanasema Thuo siku hizi amekuwa na dharau. Yeye anaona afadhali aitwe mwenye dharau kuliko washike mkono wake wajue. Hapo kati ya kidole gumba na kingine pamebonyea kama shavu la mtu asiye na meno. Na nyama ya mkono inacheza yenyewe chini ya ngozi, hata akiwa amelala.

Wewe ndiye unasomea haya mambo. Mimi naogopa tu.

Mama yako,
Wawira

---

Nakuru,
29 Aprili 2025

Baba,

Nimejua. Usimgombeze Mama, alivumilia kuliko mimi ningevumilia.

Naomba uje Nakuru uonwe na daktari wa neva. Inaweza kuwa ni neva imebanwa kwenye kiwiko, na hiyo hutibiwa, mkono ukarudi. Njoo na Kabiru hata kesho, nitakuwa langoni nakungoja.

Barua zako zote nimezitoa nikazipanga kitandani. Mwandiko unaharibika barua moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa nakutania! Ninajifunza mikono ya watu wengine kila siku na wa baba yangu nikaucheka.

Mwezi wa pili ulinijibu kwamba kilima kiko sawa. Baba, ulikiona kweli?

Jackie

---

Olenguruone,
4 Mei 2025

Mama yangu Wangare,

Sikukiona.

Nilibana vidole kama ulivyosema, nikatazama, na palikuwa na shimo. Nikajaribu mkono wa kushoto, kilima kikapanda vizuri. Nikarudia wa kulia. Shimo. Barua yako ilikuwa na furaha kutoka juu hadi chini, na sikutaka kuwa mtu wa kuimwagia maji. Nikajiambia ni uzee, mikono ya wazee hukauka.

Lakini kinachoniuma ni kwamba sikuunganisha na ng'ombe. Maziwa yakishuka kwenye chuchu, unafunga kule juu kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo vidole vingine vikamue kwenda chini. Mimi sikuwa nafunga tena. Maziwa yalikuwa yanarudi juu, nami nikaona ni yeye anayaficha, nikaanza kumvuta. Nilikuwa namuumiza na yeye alikuwa anajitetea. Mtu amekamua maisha yake yote, mkono unamwishia, na bado analaumu mnyama.

Jana nilienda nikasimama mbele yake nikamwomba msamaha. Chelagat alidhani naongea na yeye, akaniambia, "Hakuna shida, mzee." Nikamshukuru nikaondoka.

Nitakuja kwa huyo daktari. Lakini maliza mitihani kwanza. Hata siku moja kabla ya hapo siji, na ukija kunichukua nitajificha kwa shamba la mahindi.

Baba yako,
Thuo

---

Nakuru,
15 Juni 2025

Mama,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Kabiru nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Baba atakuwa amefika, na atakuambia ni neva imebanwa. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Si kweli, Mama.

Daktari alimpima kwa sindano na umeme, mkono wa kulia, wa kushoto, miguu, mpaka ulimi. Kisha akaniita mimi ndani, Baba akabaki kwenye benchi. Alisema, "Wewe uko kwa hii kazi, utaelewa." Sikutaka kuelewa. Nilitaka anieleze kama mtoto wa mtu.

Msuli wa Baba hauna kosa. Kwenye uti wa mgongo kuna seli za neva zinazotuma amri kwa misuli, na seli hizo zinakufa. Msuli usipopata amri hukonda mpaka ukaisha. Ugonjwa umeanza na msuli ule mdogo wa mkono, na daktari ameona dalili kwa mkono wa kushoto pia. Utaenda miguuni, utaenda kwenye koo, mwisho utafika kwenye kupumua. Hakuna dawa ya kuuponya. Kuna ya kuupunguza mwendo kidogo. Ana miaka michache, Mama, na daktari hakutaka kusema mingapi.

Nilipotoka, Baba alikuwa amekaa na kofia magotini. Akaniuliza, "Wamesemaje, mama?" Nilikuwa nimepanga maneno yote, kisha nikaona ile kofia. Nikasema ni neva imebanwa, itafunguka polepole. Akasimama akasema basi twende tukale. Tukaagiza nyama, na mimi ndiye niliyemkatia. Alikula akinisifu kwamba nimekuwa daktari.

Nimelia hapa mpaka Mitchelle ameenda kulala kwa rafiki yake. Nifanye nini?

Jackie

---

Olenguruone,
22 Juni 2025

Jackie mwanangu,

Nimeisoma kwenye shamba la viazi, nikakaa huko huko mpaka niliposikia ananiita. Niliosha uso kwa maji ya mtaro nikarudi.

Hujui umefanya nini. Baba yako amefurahi kama mtu aliyetoka jela. Kila asubuhi anaupaka mkono mafuta, anausugua, halafu anabana vidole ananiita, "Wawira, kimerudi?" Nami nasema bado kidogo. Sasa tunadanganya wawili.

Na hiyo si yote. Amekubaliana na Chelagat ampe wale mitamba wetu wawili arudishiwe Bibi Chifu. Watabadilishana mwisho wa mwezi. Anasema mkono ukifunguka anataka ng'ombe anayemjua. Jackie, mitamba hao ndio watatuweka siku ambayo hatainuka kitandani, na yeye anawatoa kwa ng'ombe mzee ambaye hatamkamua kamwe. Nimejaribu kumwambia. Nafungua mdomo, ananiangalia na ule uso wa furaha, naishia kumuuliza kama anataka uji.

Wewe ndiye anakuamini. Ulichomwambia kwenye benchi kakitoe wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa karibu naye akiisoma.

Mama yako,
Wawira

---

Nakuru,
24 Juni 2025

Baba,

Usimrudishe Bibi Chifu. Kilima hakitarudi.

Nilikuambia uongo kwenye benchi. Neva yako haijabanwa. Ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo, kule amri za misuli zinakotoka, na hautibiki. Ule msuli niliokuandikia kwa furaha ndio umetangulia, na mingine itafuata. Mkono wa kushoto utafuata. Baadaye miguu. Baadaye itakuwa vigumu kumeza, na kuongea, na mwisho kupumua. Akili yako itabaki yako mpaka mwisho, na utakuwa unatujua sote. Nimeandika sentensi hizi mara nyingi nikizichana. Hizi ndizo zilizobaki.

Si kwa sababu ya kukamua. Si kwa sababu ya kitu ulichokula au mtu uliyemkosea. Daktari hajui kwa nini ni wewe, na mimi pia sijui, na nimekasirika sana.

Nisamehe. Nilikuona na kofia yako magotini nikashindwa.

Mitamba wabaki. Wakizaa mtapata maziwa, na Mama atakamua. Mimi nitakuja mara tu utakaposema nije.

Binti yako,
Wangare

---

Olenguruone,
6 Julai 2025

Jackie, mkono ni wangu lakini maneno ni ya baba yako. Amesema niandike vile anasema, nisimrekebishe.

Mama yangu Wangare,

Barua yako niliisoma mwenyewe, nikaitia mfukoni, nikaenda kwa Chelagat kumwambia ule mpango wetu umekufa. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia huu mkono haurudi, na mimi mwenyewe naufuata. Hapo ndipo nililisema kwa mdomo mara ya kwanza, na nililisema kwa jirani, si kwa mama yako. Amenikasirikia kwa hilo, na sasa analiandika.

Chelagat alinipa kiti nikakaa kando akikamua. Bibi Chifu alitafuna majani yake wala hakugeuka kunitazama. Nilifurahi kwamba yuko sawa bila mimi, halafu nikaona wivu.

Kwenye benchi niliona midomo yako ikitetemeka. Mimi si mjinga. Lakini uliponiambia itafunguka niliona hilo ni neno zuri, nikalichukua. Mimi nilikudanganya juu ya kilima, wewe ukanidanganya juu ya neva, kwa hivyo hakuna wa kumsamehe mwenzake. Tuachane na hayo.

Naogopa kumeza, mama. Kufa sijui kukoje, sijawahi kufa. Lakini kula na watu mezani nakujua, na nikifikiri siku moja nitakuwa nakohoa mate yangu mbele ya wageni, naona aibu hata kabla haijafika. Mama yako anasema atawafukuza wageni. Ataweza, namjua.

Wazee wa kanisa nimewaambia. Leo wamenisalimia wote kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja, mpaka mhubiri. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nilipotulia.

Sasa nisikilize. Mitihani yenu mingine ni Agosti. Usije kabla ya hapo. Kuja kwako hakutaniongezea nguvu, na masomo ukiyaacha kwa ajili yangu nitakuwa nimekuibia. Soma mpaka Desemba, likizo ikifunguliwa ndipo tutaonana. Mimi bado natembea, bado nasema, bado nabishana na mama yako. Desemba si mbali.

Jackie, ni mimi mama yako sasa. Baba yako ameinuka akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo. Nilidhani amemaliza, nikamuuliza kama nifunge barua. Akasema bado. Nimengoja mpaka chai yake imepoa.

Amesema nikate hayo maneno ya Desemba. Nimemuuliza niandike nini mahali pake. Akasema andika aje. Nikamuuliza, aje lini, mitihani ikiisha?

Akasema, "Wawira, andika aje tu."

Ni mimi mama yako, kwa niaba ya Thuo,
Wawira